Nilipopunguzwa Kazi, Nikaingia Jikoni

Mpenzi msomaji, nianze na swali la kichokozi: leo asubuhi umekunywa chai na nani? Sikuulizi umekunywa nini. Nauliza na nani. Kama ni mfanyakazi wa Dar es Salaam kama mimi, huenda jibu lako ni "na mlinzi wa ofisini," au "peke yangu kwenye kiti cha basi," au "mwenzangu, sijanywa kabisa." Na kama una mume au mke, huenda naye huko aliko anajibu hivyo hivyo.

Sikulaumu, maana nami nilikuwa hivyo. Kwa miaka sita ya ndoa, mimi na mke wangu tulikuwa tunaonana vizuri Jumapili tu. Yeye anafanya kazi benki, mjini Posta. Mimi nilikuwa kwenye kampuni ya kupeleka watalii mbugani. Tunaishi Kimara, na nani asiyeijua foleni ya Barabara ya Morogoro? Hata baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza mwaka 2016, ukizubaa nyumbani ukakuta kituo kimefurika, umeumia. Kwa hiyo kila mtu alitoka gizani, akala mbele ya safari. Mimi nilikuwa na mama ntilie wangu karibu na ofisi: supu ya kongoro, ndimu, pilipili, chapati mbili. Yule mama ndiye aliyejua nimelalaje na nimeamkaje. Mke wangu hakuwa na habari.

Halafu ukaja mwaka 2020. Korona ikafunga viwanja vya ndege duniani, watalii wakakatika kama maji ya bomba. Kampuni ilianza kwa kutulipa nusu mshahara, ikaishia kutugawia barua. Yangu niliipata mwezi wa sita. Ilikuwa na adabu zote ile barua, imenishukuru mpaka nikaona haya. Nikafika nayo nyumbani, nikampa mke wangu aisome. Hakulia, hakupiga kelele. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya friji, akasema, "Tutakula kidogo kidogo, Baba Junior. Mungu yupo."

Nikajua nimeoa. Tatizo halikuwa mke wangu. Tatizo nilikuwa mimi.

Biskuti kwenye mkoba

Wanaume wenzangu mtanielewa. Mtu umezoea kuvaa shati, kuning'iniza kitambulisho shingoni, simu hazikauki. Ghafla unaamka huna pa kwenda. Unafanyaje? Mimi nilijifanya nimelala. Saa kumi na nusu alfajiri alamu ya mke wangu ikilia, mimi nafumba macho kwa nguvu. Namsikia anaoga. Namsikia anavaa gizani. Viatu anavishika mkononi mpaka mlangoni, visigonge sakafu. Mlango ukifungwa ndipo nafumbua macho, naanza kuhesabu mabati. Nilifanya mchezo huo wiki saba.

Jumamosi moja umeme ukakatika, Luku imeisha. Mke wangu yuko bafuni, akaniambia nichukue simu yake kwenye mkoba ninunue umeme. Nikaingiza mkono, nikatoka na pakiti ya biskuti. Nikaingiza tena, nyingine. Zilikuwa tano, zile ndogo ndogo anazokula Junior, nyingine zimesagika zimebaki unga. Nikakaa kitandani nazo, nikamsubiri.

"Hizi za mtoto?"

"Zangu."

"Unazila saa ngapi?"

"Kwenye basi."

"Kwa nini usikaange hata yai kabla hujatoka? Mayai si yapo?"

Alikuwa anajifuta maji shingoni. Akasimama kidogo, kisha akasema taratibu, wala bila hasira, "Nikikaanga yai utasikia harufu, utaamka. Ukiamka, tutatazamana."

Jamani! Nimeambiwa maneno mengi katika maisha yangu, na mengine ya matusi kabisa, lakini hakuna lililonichoma kama hilo. Kumbe alijua. Wiki zote saba alijua kwamba silali. Alikuwa ananitunzia heshima yangu kwa kutafuna biskuti kavu, amesimama kwenye basi, kabashikilia bomba.

Vitumbua vya kiporo

Jumatatu yake niliamka kabla ya alamu. Nikaingia jikoni kama mwizi. Sikuwa mpishi, msije mkadhani. Nilikuwa najua kuchemsha maji na kukaanga yai, basi. Nikafungua friji: kiporo cha wali, mayai mawili, kitunguu, karoti nusu. Sasa kiporo na chai ya rangi ndiyo chai ya wengi wetu tuliokulia uswahilini, hakuna asiyeijua. Lakini siku ile niliona kumpa mke wangu kiporo kitupu baada ya wiki saba za biskuti ni kama kumwambia samahani huku natazama pembeni. Nilitaka aone kuna mtu ameamka kwa ajili yake.

Kabatini kulikuwa na chuma cha vitumbua alichokuja nacho kutoka kwao Tanga. Nikaupondaponda ule wali kwa mkono, nikavunjia mayai, nikakatia kitunguu, nikakwangua karoti, chumvi, vijiko viwili vya unga wa ngano. Nikaanza kumimina. Kilichofuata ni aibu. Vilishika vyote. Mke wangu alipotokea mlangoni alinikuta nakwangua chuma kwa kisu, jasho linanitoka, moshi umejaa.

"Unafanya nini?"

"Vitumbua."

"Vya nini?"

"Vya kiporo."

Alicheka mpaka akashika friji. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu ile barua. Akachota kipande kilichokatika kwa vidole, akala. "Chumvi iko sawa," akasema. Tukanywa chai tumesimama, dakika kumi tu, tunakula mabaki ya vitumbua kwenye sufuria. Tukatazamana. Sikufa.

Leo navipika nimefumba macho, na siri zake nakupa bure. Kwanza, chuma kipate moto wa kutosha. Dondoshea tone la maji, likirukaruka kiko tayari. Weka mafuta kijiko kidogo kila shimo, nayo uyaache yapate moto. Ukishamimina, usikiguse kitumbua mpaka kingo zibadilike rangi. Haraka yako ndiyo inayokivunja. Wali mkavu wa jana ni mzuri kuliko wa leo, maana haushiki maji. Lakini sikiliza: kiporo kiingie kwenye friji usiku ule ule kikishapoa kidogo, kisilale nje kwenye joto hili la Dar. Wali uliolala nje unaweza kuota bakteria wenye sumu ambayo hata ukiupasha moto vipi haiondoki. Mapenzi ya asubuhi yasije yakaishia hospitali mchana.

Kampala, Bukoba na Tanga kwa ada ya mkaa

Kazi ile iliyonitema ilikuwa imenizungusha sana, sikatai. Nimelala hoteli za mbugani, nimefika Kampala, nimefika Bukoba. Na kila nilipokwenda, kitu cha kwanza nilichokikumbuka baadaye kilikuwa chai ya asubuhi. Basi nikaanza kusafiri kwa sufuria, maana nauli haikuwepo.

Kampala wana kitu wanakiita rolex. Si saa ya mkononi, mwenzangu. Ni mayai yaliyokaangwa na kabichi, nyanya na kitunguu, yakalazwa juu ya chapati, ikaviringishwa. Jina lenyewe limetokana na Kiingereza cha mayai ya kuviringisha, ukilitamka harakaharaka. Nilipojaribu nyumbani, kusukuma chapati alfajiri kukanishinda. Nikatumia chapati za maji: unga, yai, chumvi, maji, unakoroga mpaka uji mwepesi. Humo ndani nikakatia mchicha mbichi mwembamba kabisa. Chapati ikatoka ya kijani, Junior akaikataa siku ya kwanza, siku ya pili akaiita "chapati ya chura" na kudai mbili. Juu yake nalaza mayai na nyanya, naviringisha, nafunga kwenye karatasi safi. Siku mke wangu akichelewa, anakula kwenye basi. Basi ni lile lile, lakini si biskuti tena.

Hoteli za mbugani nazo zina ile chai ya Kizungu: mayai, soseji, na maharage ya kopo yenye sukari. Watalii wanayapenda. Mimi nilikuwa nayatazama nawaza mbaazi. Mke wangu ni mtu wa pwani. Kwake asubuhi njema ni mbaazi za nazi na maandazi. Siku moja nikaunganisha. Mbaazi nachemsha usiku ziive kabisa. Asubuhi natia kitunguu, nyanya, pilipili mbuzi nzima bila kuipasua, na tui. Rojo likianza kuwa zito nachimba vishimo kwa kijiko, kila shimo navunjia yai, napunguza moto mpaka chini, huku nayamwagia rojo kwa juu hadi ute ushike na kiini kibaki laini au kikauke, kwa jinsi mlaji anavyopenda. Unachovya andazi mle, kiini kinachanganyika na nazi... Basi, niishie hapo.

Bukoba nilikula katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Nikajaribu na hiyo: maharage ya jana usiku, ndizi, kitunguu, mnafu kidogo juu. Hiyo ndiyo chai ya mwisho wa mwezi, mfuko ukitoboka. Ukiila saa kumi na moja, mpaka saa saba mchana hujatafuta andazi la mtu.

Lakini msidhani kila siku niliibuka shujaa. Niliwahi kutia mdalasini kwenye mchuzi wa dagaa, tusikumbushane. Niliwahi kupika uji wa ulezi na embe bichi, hata paka wa jirani aliunusa akaenda zake. Ndipo nikajifunza kanuni moja: badilisha kitu kimoja tu. Chukua chakula ambacho ulimi wa mtu unakijua tangu utotoni, ukiache kama kilivyo, kisha ingiza kitu kimoja kigeni. Hapo mlaji anajiona yuko nyumbani na bado anashangaa. Ukibadilisha vitu vitatu umempeleka ugenini, na saa kumi na moja alfajiri hakuna mtu anataka kwenda ugenini.

Na kingine nilichojifunza si cha mapishi. Zile dakika kumi za kusimama ziligeuka ishirini za kukaa. Humo ndimo nilimwambia mke wangu nimeomba kazi wapi na wamenijibu nini. Humo ndimo naye aliniambia anavyoogopa kodi ya nyumba ya miezi sita inayokuja. Mambo ambayo usiku, mtu umechoka na taarifa ya habari inaendelea, hamuwezi kuyaongea bila kugombana, asubuhi mdomo ukiwa na andazi yanatoka taratibu.

Limbwata

Maneno hayakukosekana. Jirani yetu mmoja aliwahi kuniona dirishani nimevaa kanga ya mke wangu kama aproni, nakuna nazi. Kufika jioni kijiweni walishapata habari. "Mzee kalishwa limbwata huyu!" "Mtu wa Moshi kakaa juu ya mbuzi ya Tanga, ataamka lini?" Wakacheka, nami nikacheka. Lakini usinidanganye kwamba haiumi. Mwanaume hana kazi, halafu anaonekana na mbuzi ya nazi. Kuna siku nilifunga pazia la jikoni kabla sijawasha taa. Likumbuke hilo pazia, tutalirudia.

Mama kutoka Kibosho

Mwezi wa kumi mama yangu alikuja kutusalimia. Nilimpokea Ubungo, na kama mnavyowajua mama zetu, hakuja mikono mitupu. Alikuwa na mkungu wa ndizi mshare kaufunga kwenye kiroba, kilo ya maharage, na parachichi ambazo zilikuwa zimeivia njiani.

Usiku ule, tukiwa chumbani, mke wangu akaninong'oneza, "Mama akiwepo, asubuhi nitaamka mimi kupika."

"Kwa nini? Si unafunga hesabu za mwisho wa mwezi, unarudi saa tatu usiku?"

"Unataka aende Kibosho akaseme mwanawe kaolewa?"

Nikanyamaza. Na ukweli nitauandika hapa hapa: nilifurahi. Nilipumua. Asubuhi mbili mfululizo nililala huku nikisikia mke wangu anahangaika na sufuria tangu saa kumi kasoro robo. Nikarudi kuhesabu mabati. Asubuhi ya tatu mfuniko ukamponyoka, ukalia nyumba nzima, nikamsikia anasema "samahani" peke yake, jikoni, kwa mtu ambaye hayupo. Hiyo samahani ndiyo iliyoniinua. Nikaenda nikamshika mabega. "Kesho ni mimi," nikamwambia.

Kesho yake nilikuwa nimeshapanga. Usiku nilichemsha nyama ya mifupa mpaka ikalegea. Alfajiri nikamenya zile ndizi za mama, mikono nimeipaka mafuta utomvu usinigande, nikawa nazitupia kwenye maji zisigeuke nyeusi. Mtori, msomaji wangu, ndicho chakula cha kwetu Uchagani. Ndicho anachopewa mama aliyejifungua ili apate nguvu. Wala si chakula cha kufanyia mzaha mbele ya mama wa Kibosho. Lakini nilikuwa na mke wa Tanga, na nazi mbili juu ya kabati, na kanuni yangu ya kubadilisha kitu kimoja.

Niko nakamua tui, nikahisi mtu nyuma yangu. Mama. Kajifunga kitenge, kashika tochi ya simu, kasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kimya. "Mke wako anaumwa?"

"Haumwi. Anavaa."

"Na hicho unachokamua?"

"Tui. La kutia kwenye mtori."

Akavuta kigoda, akakaa. "Mtori hautiwi nazi," alisema. "Mtori ni nyama na ndizi. Ukiwa na maziwa, unatia maziwa."

Nilibaki nimeshika kikombe cha tui hewani. Nikasema na roho yangu, nikimwaga hili kwenye sinki nitakuwa nimemwaga na mengine. Nikalitia kwenye sufuria, nikakoroga. Mama akanitazama tu.

Hapo mke wangu akatokea, kashavaa sare ya benki. Alipomwona mama alisimama kama aliyefumaniwa. "Shikamoo mama. Yaani, leo ndio nimemwomba tu anisaidie, nimeamka kichwa kinaniuma..." Ananitetea tena. Biskuti zile zile, ila sasa za maneno.

"Hapana mama," nikasema. "Huwa napika mimi. Kila siku ya kazi, tangu mwezi wa nane."

Sijui ilikuwa dakika au sekunde. Sufuria ndiyo iliyokuwa inaongea peke yake. Mama akanyoosha mkono akachukua bakuli, akapakua mwenyewe, akapuliza, akaonja. Akaonja tena.

"Nazi imezidi," akasema. "Imeificha nyama."

Halafu akalimaliza lile bakuli, akapakua la pili. Mke wangu akaketi, akala naye, wakaanza kuongea bei ya nyama ya Moshi na ya Dar kama hakuna kilichotokea.

Mke wangu alipoondoka, mama alibaki pale kwenye kigoda. Akaniambia, "Ulipozaliwa wewe bibi yako alikuwa mgonjwa, hakuna wa kunihudumia. Unajua nani alinipikia mtori siku zile zote?"

"Shangazi?"

"Baba yako."

Nilimjua marehemu baba. Mtu wa sauti nene, sijawahi kumwona hata anajipakulia maji. Mama akaendelea, "Mtori wake ulikuwa mzuri kuliko wa bibi yako. Lakini alikuwa anafunga mlango wa jiko kwanza, ndipo anawasha moto. Moshi unamtoa machozi mle ndani, hataki kufungua. Mpaka anaingia kaburini hajamwambia mtu." Akainuka, akasuuza bakuli lake. "Wewe umeuacha wazi."

Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisema au ananisifu. Ila ile jioni, niliporudi jikoni kuwasha taa, nililivuta pazia pembeni.

Wenyewe mtori wa nazi

Kwa wale mnaotaka kujaribu mwishoni mwa wiki, vipimo baada ya marekebisho ya mama ni hivi, kwa watu wanne. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, nusu kilo. Chemsha na chumvi, tangawizi na kitunguu mpaka ilegee, na supu yake usiimwage. Ndizi mshare kumi. Ukizikosa, nenda soko la Mabibo utazipata, au tumia ndizi za Bukoba. Zimenye, zikate, zipike kwenye ile supu pamoja na karoti moja na nyanya moja mpaka zilainike kabisa. Toa nyama pembeni, ponda ndizi kwa mwiko au upawa hadi ziwe rojo zito, kisha rudisha nyama iliyochambuliwa. Hapo ndipo unapunguza moto na kutia tui zito la kwanza, nusu kikombe tu, si kikombe kizima kama nilivyofanya mimi. Koroga taratibu bila kuacha mpaka lianze kutokota kwenye kingo, kisha epua. Ukilifunika au ukaliacha lichemke kwa fujo, tui linakatika, mafuta yanaelea juu. Kamulia ndimu ukiwa mezani. Pilipili kila mtu na yake.

Kazi nilipata tena mwaka 2022, watalii waliporudi. Kampuni ndogo kuliko ile, mshahara nao mdogo kidogo, lakini nashukuru. Hatukurudi kule kila mtu na lwake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jiko ni langu, siku nyingine la mke wangu, Jumapili Junior anakoroga uji na kumwaga nusu yake. Sikuambii na wewe uanze kuamka saa kumi. Nyumba yako unaijua mwenyewe. Anza na kiporo cha Jumamosi na mayai mawili. Vikishika kwenye chuma, vikwangue mle hivyo hivyo.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu saa mbili asubuhi. Nikashtuka, nikadhani kuna msiba. Nikasikia nyuma yake sufuria na sauti za kina mama wengi.

"Kuna mtoto wa jirani kajifungua," akasema kwa haraka. "Ile nazi yako, inaingia kabla ya kuponda au baada?"

"Baada ya kuponda, mama," nikamjibu. "Na usifunike."